ADHD na usonji kwa mtu mmoja: tiba ya mazungumzo inasaidia nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Tabata, Dar es Salaam, ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya uwakala wa forodha. Nimeolewa, nina mtoto mmoja wa miaka sita. Kwa miaka mingi nimetibiwa wasiwasi na sonona. Mwaka huu daktari wa afya ya akili alinihoji kwa kirefu, akaniambia nina ADHD (shida ya umakini na kutotulia) na usonji (autism), vyote viwili. Ameniandikia dawa na kunielekeza kwa mwanasaikolojia. Mume wangu anasema jambo la kuzaliwa haliondoki kwa maongezi, ni kupoteza hela. Mama mkwe anasema ni majini. Mimi nimechoka. Nikibandika ratiba ukutani inadumu wiki moja. Nikitoka kazini nakaa kwenye ngazi nusu saa kabla ya kuingia ndani. Umeme unatukatikia kila mara kwa sababu nasahau kununua. Mama mkwe akizungumza kwa mafumbo simwelewi kabisa, anadhani nampuuza. Hiyo tiba itanifanyia nini? Mwanangu naye atakuwa hivi? Na je, nimwambie bosi wangu?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa uchovu.

Nianze na mumeo, maana hoja yake si ya kipuuzi. ADHD na usonji ni namna ubongo unavyokua tangu mtoto yuko tumboni, na hakuna maongezi yatakayoufumua na kuusuka upya. Mtaalamu akikuahidi kwamba baada ya vikao kadhaa utakuwa kama watu wengine, chukua pochi yako uondoke. Lakini wewe hukuja na ubongo peke yake. Una miaka mingi ya kuitwa mvivu, mzito, "huyu msichana ana dharau". Una mbinu ulizojifunza kimya kimya za kujikaza mbele za watu. Una nyumba, kazi na ndoa vilivyopangwa kumfaa mtu mwingine. Hayo hukuzaliwa nayo, na hapo ndipo tiba inapofanya kazi yake.

Mumeo akitaka ushahidi, mwambie hivi. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa watu wazima 86 wenye ADHD ambao walikuwa tayari wanatumia dawa na bado wanahangaika. Wote walipata vikao 12. Kundi moja lilifundishwa kupanga mambo, kupambana na tabia ya kuahirisha, kupunguza vinavyowavuruga na kuhoji yale wanayojiambia wakikwama. Kundi la pili lilipewa elimu kuhusu hali yao na kufundishwa kutuliza mwili. Kundi la kwanza lilipata nafuu kubwa zaidi, na nafuu hiyo ilidumu kwa miezi iliyofuata. Hakuna aliyepona ADHD. Walichopata ni maisha yanayoendesheka.

Kwa hiyo usiipime tiba kwa kuuliza kama dalili zimeondoka. Ipime kwa hali unayofika nayo nyumbani jioni.

Wengi wanaopata majibu kama yako ukubwani huwaka hasira: mbona madaktari wote wale hawakuona? Sehemu ya jibu iko kwenye miongozo yao. Mwongozo wa utambuzi wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ambao umetumika kufundishia sehemu nyingi duniani, ulikuwa hauruhusu mtu mmoja kuandikiwa ADHD na usonji kwa pamoja. Ukishaandika usonji, ADHD unaiacha. Katazo hilo liliondolewa mwaka 2013. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, nao unaruhusu viwili hivyo kukaa kwa mtu mmoja. Daktari aliyemaliza chuo mwaka 2005 alifundishwa kuchagua kimoja, tena mfano aliokuwa nao kichwani ni mvulana: wa usonji hasemi, wa ADHD anapanda madirisha.

Sehemu nyingine ya jibu iko kwenye malezi yetu. Mtoto wa kike asiyemtazama mtu mzima machoni, huku kwetu hapelekwi hospitali, anasifiwa adabu. Salamu zetu nazo zina mpangilio: shikamoo, marahaba, za nyumbani, nzuri, watoto hawajambo, hawajambo. Mtoto mwenye usonji anaukariri na kuutumia bila kosa kwa sababu hauna cha kumshtukiza. Anakwama salamu zinapoisha na maongezi ya kawaida yanapoanza, na kufikia hapo wakubwa wameshageukia mambo yao. ADHD ya kike nayo mara nyingi haikimbii darasani. Inakaa dawati la nyuma, inatazama dirishani, inasahau daftari nyumbani. Ukiongeza akili ya kufaulu kwa kukesha usiku wa mwisho, nani atashuku? Kinachokuja kuonekana baadaye ni wasiwasi na sonona, na huenda ulikuwa navyo kweli. Vilikuwa na mzizi ambao haukuguswa.

Sasa tuje kwenye ratiba yako, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu.

Siku ya kuitengeneza uliipenda, naamini: rangi, mistari, kila saa na kazi yake. Huo ni usonji ukipata pumzi, maana unataka kujua kinachokuja. Siku ya tano karatasi ileile inakuwa mzigo, macho yanapita ukutani kama hakuna kitu. Hiyo ni ADHD. Ubongo wa ADHD huamshwa na jambo jipya, jambo linalopendwa au jambo la dharura. Kilichozoeleka hakiuamshi hata kiwe na faida gani. Basi mambo yanavurugika, na upande wa usonji unaumizwa na vurugu ambayo upande wa ADHD umeileta. Wewe katikati unahitimisha kuwa huna nidhamu.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike katika jibu hili lote. Hali hizi mbili zikikaa ndani ya mtu mmoja hazijumlishiki tu, zinavutana. Moja inataka utulivu, nyingine inatafuta msisimko. Moja inakubali mwaliko wa harusi kwa furaha Jumatatu, nyingine inatamani kuondoka Jumamosi kabla chakula hakijaletwa. Ndiyo maana ushauri mzuri wa ADHD unaweza kukuumiza, na ushauri mzuri wa usonji unaweza kukudumaza. Utasoma kuwa mwenye ADHD afanyie kazi penye watu na muziki ili achangamke. Ukijaribu, saa sita mchana kichwa kinapasuka. Utasoma kuwa mwenye usonji azifanye siku zake zifanane. Ukijaribu, wiki ya pili unaanza kukurupuka, unaagiza vitu mtandaoni usivyovihitaji, unaanzisha biashara ya mitumba saa nne usiku. Kazi ya kwanza ya mtaalamu anayeijua kazi ni kukuzoesha kutambua, pale pale unapokwama, ni upande gani unaolalamika. Nimechoka kwa kelele, au nimechoka kwa kuboreka? Dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Kwa ratiba, kinachowasaidia wengi wa aina yako ni mambo machache yasiyobadilika na uhuru katikati yake. Chukua chakula cha jioni. Jumatatu ni maharage, Jumanne ni dagaa, Jumatano ni mboga za majani, hilo halijadiliwi. Maharage yataungwa kwa nazi au hayataungwa, yataliwa na wali au na chapati za kununua kwa mama wa pale nje, hilo unaliamua ukiwa jikoni. Halafu panga kabisa kwamba ratiba itachuja. Kila mwisho wa mwezi ibadilishe sura: ikitoka ukutani iende kwenye simu, ikitoka kwenye simu iende kwenye ubao mdogo wa chaki. Yaliyomo yabaki yaleyale. Watu hujilaumu kwamba kila mbinu inawafia mikononi, wakati kwa ADHD kuchuja kwa mbinu ni jambo la kutegemewa kama mwisho wa mwezi wenyewe.

Umeme ni habari nyingine, na hapo sina falsafa. Kazi hiyo itoke kichwani mwako. Kununua umeme siku ya mshahara, kiasi kinachotosha mwezi, ni bora kuliko kukumbuka mara nne. Au mumeo aweke namba ya mita kwenye simu yake na kazi iwe yake moja kwa moja, nawe uchukue jambo linalomshinda yeye. Umeniambia wewe ni mtu wa hesabu. Basi daftari la kikoba au fomu za shule za mtoto ziwe zako. Nyumba nyingi zinagombana kwa sababu kila mmoja amepewa kazi asiyoiweza, eti ni kazi ya mke au kazi ya mume. Na mikopo ya simu iondoe karibu na mkono: anayekurupuka akiwa na kitufe cha kukopa kwenye kiganja, kausha damu hawana haja ya kumtafuta.

Nusu saa ya kwenye ngazi nimeiacha hadi hapa makusudi, kwa kuwa ndiyo itakayokuonyesha kikao kinavyokwenda.

Mtaalamu mzuri hatakuuliza "unajisikiaje?" akangoja. Karibu nusu ya watu wenye usonji hupata shida kutaja hisia zao kwa majina, na wengi hawasikii vizuri hata habari za mwili: njaa, kiu, haja ndogo, hadi ziwe zimezidi. Atakuomba mrudi nyuma hatua kwa hatua. Saa kumi na moja kamili ulikuwa unafanya nini? Unafunga faili la kontena. Masikioni kulikuwa na nini? Printa, kiyoyozi kinachovuma, mwenzako anabishana na dereva kwenye simu. Ukapanda daladala, ya Buguruni, muziki juu, konda anagonga bodi kila kituo, bega la mtu limekugandamiza. Ukafika nyumbani, na kabla ya kugusa mlango ulishasikia katuni za mtoto, sufuria, na sauti ya mama mkwe akiuliza kama ni wewe. Taya zilikuwaje? Zimebana. Mikono? Ya baridi. Ungepewa swali moja wakati ule ungeweza kulijibu? Hapana, ama ungelipuka, ama ungezima usiseme neno hadi asubuhi.

Mkifika hapo, nusu saa ya ngazi inabadilika jina. Si uvivu wala kuikimbia familia. Ni mwili unaozuia mlipuko kwa njia pekee uliyoipata. Tiba haitakuondolea, itaihalalisha. Badala ya kuiiba kwa hatia kwenye ngazi huku majirani wanapita, unaihamishia chumbani, mlango umefungwa, taa imezimwa, feni inavuma. Nyumba nzima inajua: mama akirudi, anasalimia, anampa mtoto mkono, anaingia chumbani, anatoka baada ya nusu saa. Mtoto wa miaka sita anaelewa haraka kuliko watu wazima, hasa ukimwekea saa ya jikoni ya kulia.

Hapo pia ndipo anapoingia mtaalamu wa tiba kwa vitendo, ambaye watu wengi wanadhani ni wa watoto na waliopata kiharusi tu. Atachunguza hisi zako moja moja: sauti zipi zinakuchoma, mwanga upi, kitambaa kipi, harufu ipi, na kinyume chake, ni nini kinachokutuliza, maana wengine hutulizwa na uzito mapajani, wengine na kutembea, wengine na kutafuna kitu kigumu. Mambo mengine ni rahisi hadi yanachekesha. Vizibo vya masikio vya sponji, wanavyovaa watu wa viwandani, vinauzwa madukani kwa bei ndogo, na ukijitanda mtandio hakuna atakayeviona. Vivae ndani ya daladala, siyo baada ya kushuka.

Kuhusu namna ya kuzungumza na wewe, taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwaka 2012 mwongozo wa watu wazima wenye usonji, na unasema wazi kuwa tiba ya fikra na tabia irekebishwe kwa ajili yao: mpangilio unaoeleweka, maneno ya moja kwa moja badala ya tamathali, mambo yaandikwe au yachorwe, mapumziko katikati, na mtu wa karibu ahusishwe mgonjwa akikubali. Mimi ningeongeza jambo la ADHD: usiondoke kikaoni bila karatasi. Ukiondoka na ahadi ya kichwani, ukifika kituoni imeshapotea.

Na kama mtaalamu atatumia muda wenu kukufundisha kumtazama mtu machoni, kutabasamu kwa wakati na kuficha mikono inayochezacheza, muulize anafanya hivyo kwa faida ya nani. Kujikaza huko umekufanya tangu utoto, umekubobea, na ndiko kulikokufikisha hapa. Ninaamini tiba yenye maana inakwenda upande wa pili: mnachagua pamoja ni wapi unalazimika kujikaza, kwa mfano kwa mteja mkubwa au kwa mahakimu, na ni wapi unaacha kabisa.

Misiba na harusi ni mfano mzuri. Kususa haiwezekani, jamii yetu haikusamehi. Kukaa mkekani saa sita katikati ya maongezi nako kunakumaliza. Tafuta kazi yenye mpaka. Shika daftari la michango. Unakaa mezani, watu wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja ana neno lilelile na namba, na ukichoka una sababu ya kusimama. Wengine huchagua kuosha vyombo nyuma ya nyumba. Utaonekana mtu wa kujitolea kuliko wote, na hakuna atakayejua kuwa ulikuwa unajiokoa.

Sasa mafumbo ya mama mkwe. Mwaka 2012 mwanasosholojia wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kuwa kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili: ninyi hamtusomi, nasi hatuwasomi. Nimeiona hoja hiyo ikifanya kazi vizuri zaidi Uswahilini kuliko kwenye makala za Kizungu, maana sisi tuna utamaduni mzima wa kusema jambo kwa kulizunguka. Mama akisema, "Siku hizi chai ya nyumba hii inanywewa kwa mazoea," mwenzio anajua sukari imeisha au amechukia kutopelekewa kikombe. Wewe unasikia habari za chai. Tiba haitakufanya mjuzi wa mafumbo. Itakupa ruhusa ya kuuliza kwa heshima: "Mama, nieleze nifanye nini, nami nitafanya." Ukisema hivyo kwa upole, mara nyingi atashtuka kwanza, kisha atazoea. Mumeo naye ana kazi hapa: yeye ndiye mkalimani. Mwombe aje kikao kimoja tu, siyo kuhukumiwa, bali ajifunze mambo mawili: akutumie maagizo kwa ujumbe badala ya kuyasema ukiwa na sufuria mkononi, na asikuulize jambo zito ndani ya ile nusu saa. Akiona yanapunguza ugomvi, habari ya hela hatairudia.

Kuhusu majini sitagombana na mama yetu. Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, walichapisha mwaka 2015 mazungumzo yao na wazazi na wataalamu kuhusu usonji, na wakakuta maelezo ya pepo, uchawi na laana yakikaa jirani na ya kurithi na matatizo ya uzazi, na watu wakienda hospitali, kwa waganga na kwenye maombi kwa pamoja. Dua haigombani na tiba. Akitaka kukusomea, msome pamoja. Mipaka iwe hii: dawa ya daktari haiachwi, hakuna kupigwa, hakuna kuchanjwa chale, hakuna kunyweshwa kitu kisichojulikana. Na usidhani hatari iko kwa waganga peke yao. Zipo "tiba" zinazouzwa kwa koti jeupe: dawa za kutoa madini mwilini, vyumba vya oksijeni yenye shinikizo, matone ya klorini ambayo ni sawa na kunywa jiki. Mbili za kwanza mwongozo wa NICE unazikataza kwa usonji. Ya tatu inachoma utumbo.

Dawa yako hukunitajia jina, nami nadhani ni methilfenideti, kwa kuwa ndiyo inayoanza mara nyingi. Inatuliza ADHD, usonji haiugusi. Wapo wanaoniambia kuwa ADHD ikitulia, kelele na mabadiliko yanawaumiza zaidi ya mwanzo, kwa sababu upande mmoja wa ile mivutano umelegea. Likikutokea, usitupe dawa, mwambie daktari. Ushahidi wa watoto unaonyesha pia kuwa usonji ukiwapo dawa hii inafanya kazi kwa wachache zaidi: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2005, watoto 72 wenye usonji na utukutu, karibu nusu walipata nafuu na 18 kwa mia waliacha kwa madhara. Ndiyo maana dozi huanza chini na kupanda polepole, huku shinikizo la damu, mapigo ya moyo, usingizi na hamu ya kula vinafuatiliwa. Ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, hainunuliwi bila cheti wala haigawanwi na rafiki. Isipopatikana, au ikikukataa, zipo nyingine kama atomoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Ukiwa unafunga Ramadhani, kaa na daktari kabla ya mwezi kuandama: dawa ya aina inayotoa nguvu yake polepole yaweza kumezwa wakati wa daku, lakini dozi, maji na usingizi vinahitaji mpango, na kwa upande wa usonji ratiba nzima ya mwezi ule ibandikwe ukutani wiki moja mapema.

Mtaalamu utampata wapi? Kwa Dar, anzia Muhimbili, idara ya afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa nazo zina vitengo. Walio Dodoma wana Mirembe, Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando, na wenzetu wa Nairobi wana Mathari. Waliozoea watu wazima wenye hali hizi mbili si wengi, kwa hiyo usiulize tu kama ana shahada. Uliza: umewahi kufanya kazi na mtu mzima mwenye usonji? Utanipa mambo kwa maandishi? Nikishindwa kuja wiki moja kwa kusahau, utalichukuliaje? Jibu la swali la tatu litakuonyesha mengi. Ukipata mnasihi wa kawaida mwenye moyo wa kujifunza, mchukue; mpelekee ukurasa mmoja ulioandika mwenyewe: nini kinanichosha, nini kinanituliza, nikizima naonekanaje, nisemeshwe vipi. Vikao kwa video vinafaa pia, tena vinakupunguzia daladala.

Jambo moja silipiti juu juu. Watu wenye usonji na ADHD, hasa waliojificha muda mrefu, wako kwenye hatari kubwa zaidi ya mawazo ya kujiua. Ukifika mahali unaona heri usiwepo, usingoje kikao; mwambie mumeo, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanao. Tafiti za mapacha na familia zinaonyesha kuwa kurithi kunaeleza karibu robo tatu ya tofauti kati ya watu kwenye ADHD, na kama asilimia 80 kwenye usonji. Namba hizo hazina maana kwamba mwanao ana nafasi 80 kwa mia. Zina maana kwamba hali hizi hutembea katika damu, na hukuzisababisha kwa malezi wala kwa chochote ulichokula ukiwa mjamzito. Nafasi yake ni kubwa kuliko ya mtoto wa jirani, basi. Anaongea, anacheza na wenzake, analala, mwalimu halalamiki? Mwache akue. Kukiwa na jambo, mpeleke mapema, na kwa bahati nzuri ana mama atakayeliona ambalo wazazi wako hawakuliona.

La mwisho ni bosi. Kwa sasa ningekushauri usimtajie jina la hali yako, bali umwombe vitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, lakini sheria haizuii ofisi kukunong'ona, nawe bado unazoea dawa na bado hujajua kinachokusaidia. Maagizo yaje kwa barua pepe. Asubuhi upate saa mbili bila simu, za kulinganisha ankara. Dawati lihame kutoka kwenye printa. Vyote hivyo vinaombwa kwa lugha ya kazi, makosa ya hesabu yapungue, na bosi mwenye akili hatauliza zaidi. Akikataa yote, au ukianza kupewa barua za onyo kwa mambo yanayotokana na hali yako, hapo ndipo unapomwomba daktari akuandikie, na nakala ubaki nayo nyumbani. Anza na dawati.